Patrick Fitzgerald na kosa la kusema uongo: kesi zake kubwa zilitoa haki au zilizunguka kosa lenyewe?

Mwandani wa Sheria (#1)

Salaam, wanajukwaa. Nina hoja kuhusu Patrick Fitzgerald, mwendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani ambaye jina lake lilistahili kujulikana zaidi huku kwetu, kwa kuwa ndiye aliyeongoza mashtaka ya ulipuaji wa balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998. Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1960, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Ireland, na baba yake alikuwa bawabu wa jengo la makazi huko Manhattan. Alihitimu sheria Harvard mwaka 1985, akaingia ofisi ya mashtaka ya Wilaya ya Kusini ya New York mwaka 1988, na kuanzia Septemba 2001 hadi Juni 2012 aliiongoza ofisi ya Chicago, muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kushika nafasi hiyo.

Ukizipanga kesi zilizompa jina, utaona kwamba mara nyingi kosa lililopigiwa kelele na magazeti silo lililomtia mshtakiwa hatiani. Lewis "Scooter" Libby, mkuu wa wasaidizi wa Makamu wa Rais Dick Cheney, aliingia katika uchunguzi wa nani aliyevujisha jina la Valerie Plame, ofisa wa siri wa CIA. Alitiwa hatiani Machi 2007 kwa kusema uongo chini ya kiapo, kuwadanganya wapelelezi wa FBI na kuzuia haki kutendeka. Jon Burge, kamanda wa polisi wa Chicago ambaye chini yake watuhumiwa weusi waliteswa ili wakiri makosa, alitiwa hatiani mwaka 2010 kwa kuukana utesaji huo katika kiapo, wala si kwa utesaji wenyewe. Gavana Rod Blagojevich, katika kesi yake ya kwanza mwaka huohuo, alipatikana na hatia katika shitaka moja tu kati ya 24, nalo lilikuwa la kuwadanganya FBI.

Msimamo wangu ni kwamba hiyo ni njia halali, na mtu aliyeitumia alikuwa mwadilifu, lakini inaliacha kosa kuu bila hukumu, na waliodhulumiwa hubaki wakisubiri neno ambalo mahakama haikulitamka. Naomba maoni yenu.

Mkazi wa Ilala (#2)

Hoja ni nzuri, lakini inaanguka katika kesi ileile inayotuhusu sisi. Asubuhi ya Ijumaa ile nilikuwa Kinondoni, saa nne na nusu ilikuwa imeshapita, na mshindo ule niliusikia kifuani kabla ya masikio. Hapa Dar es Salaam walikufa watu 11 na Nairobi 213. Washtakiwa wanne walipofikishwa mbele ya Jaji Leonard Sand huko New York mwaka 2001, hawakuhukumiwa kwa maneno waliyoyasema. Walihukumiwa kwa njama, kwa mabomu na kwa mauaji. Mashtaka yalikuwa 302 na tarehe 29 Mei 2001 juri, yaani lile baraza la raia 12 wanaoamua hatia, iliwatia hatiani kwa yote. Oktoba mwaka huo wote wanne walipewa kifungo cha maisha.

Kwa hiyo pale ambapo damu ilimwagika na ushahidi ulikuwepo, Fitzgerald alishitaki kosa lenyewe.

Wakili wa Utetezi (#3)

Ndugu Mkazi wa Ilala, umesema kweli kuhusu watatu kati ya hao wanne. Wa nne, Wadih el-Hage, anairudisha hoja ya Mwandani mezani. Huyu alikuwa raia wa Marekani aliyeishi Nairobi. Nyumba yake ilipekuliwa Agosti 1997, mwaka mzima kabla ya mlipuko, na kompyuta yake ikachukuliwa. Aliporejea Marekani mwezi uliofuata aliitwa mbele ya juri kuu ya New York, ile inayosikiliza ushahidi kwa faragha kabla ya mtu kushitakiwa, akaulizwa kuhusu Osama bin Laden na watu wake. Majibu yake ya siku hiyo yaligeuka baadaye kuwa mashtaka ya kusema uongo chini ya kiapo, yakawekwa pamoja na shitaka la njama. Kwa hiyo mbinu anayoizungumzia Mwandani haikuzaliwa Chicago; ilikuwepo New York, na ilianza na mkazi wa Nairobi.

Kuhusu Burge, tusimlaumu mwendesha mashtaka kwa jambo ambalo sheria ilimfungia mlango. Utesaji ule ulianza miaka ya 1970, naye alifukuzwa kazi mwaka 1993. Ukomo wa muda wa kushitaki ulikuwa umepita zamani. Kilichobaki hai ni majibu aliyoyaandika kwa kiapo mwaka 2003 katika kesi ya madai, akikana kuwahi kutesa au kujua utesaji wowote. Fitzgerald aliyashika majibu hayo kwa sababu ndiyo pekee yaliyokuwa bado ndani ya muda. Kama asingeyashika, Burge angezeeka na pensheni yake bila kuiona kizimba hata siku moja.

Bi Salama wa Mvita (#4)

Asanteni. Mimi naona mnautafuta ufundi wake mahali pasipo. Mashahidi ndio waliomjenga mtu huyu. Kesi ya New York ilisimama juu ya watu waliotoka ndani ya kundi lenyewe, al-Qaeda la bin Laden. Jamal al-Fadl, Msudani, aliiba fedha za bin Laden, akaogopa, akajisalimisha katika ubalozi wa Marekani nchini Eritrea mwaka 1996; ndiye aliyeieleza mahakama mwanzoni mwa ushahidi, Februari 2001, jinsi kundi lilivyopangwa, nani analipa mishahara na nani anatoa fatwa. L'Houssaine Kherchtou, Mmoroko aliyekuwa akiishi Nairobi, alieleza kwamba moyo wake ulivunjika mke wake alipohitaji upasuaji wa uzazi na viongozi wakamnyima dola 500. Ali Mohamed, aliyewahi kuwa askari wa jeshi la Marekani, alikiri kosa Oktoba 2000 na kueleza jinsi alivyoupeleleza ubalozi wa Nairobi na kupiga picha.

Watu wa namna hiyo hawaji wenyewe wakasema kila kitu kwa siku moja. Lazima awepo mwanasheria anayelijua faili kuliko wao, anayemrudisha shahidi kwenye tarehe na jina hadi maneno yake yalingane na stakabadhi. Fitzgerald alijulikana kwa kumbukumbu hiyo. Kosa la kusema uongo ni matokeo tu: ukilijua faili kiasi hicho, anayekudanganya unamjua papo hapo.

Mwandani wa Sheria (#5)

Shukrani kwenu, na hasa kwa habari ya el-Hage. Nakubaliana na Bi Salama kuhusu mashahidi, ila maelezo yake hayaigusi kesi ya Libby. Pale hapakuwa na shahidi kutoka ndani ya njama, kwa sababu hapakuwa na njama iliyothibitishwa. Aliyemdokeza mwandishi Robert Novak kwa mara ya kwanza habari za kazi ya Plame CIA alikuwa Richard Armitage, naibu waziri wa mambo ya nje, na wapelelezi walilijua hilo tangu Oktoba 2003. Fitzgerald aliteuliwa kuwa mwendesha mashtaka maalumu Desemba 2003, yaani karibu miezi mitatu baadaye. Armitage hakushitakiwa. Libby ndiye aliyeshitakiwa, Oktoba 2005, kwa mashtaka matano, akatiwa hatiani kwa manne. Sasa niambieni: ikiwa mvujishaji wa kwanza alijulikana, uchunguzi uliendelea kutafuta nini?

Ughaibuni Illinois (#6)

Ninaishi jimbo hili tangu kabla Fitzgerald hajaja, na ningependa mlione jambo kutoka huku. Siri yake ilikuwa uhuru. Wakati ule seneta wa Illinois kwa chama cha Republican alikuwa Peter Fitzgerald, ambaye si ndugu yake ijapokuwa majina yanafanana. Kwa desturi, seneta wa chama cha rais ndiye anayependekeza mwendesha mashtaka wa wilaya, na kwa desturi hupendekeza mtu wa nyumbani anayejulikana na wakubwa wa chama. Seneta huyo alikataa. Alitafuta mtu kutoka nje ya jimbo, asiyedaiwa fadhila na Republican wa Springfield, makao makuu ya jimbo, wala na Democrat wa Meya Daley wa Chicago. Wakubwa wa chama chake mwenyewe walinung'unika sana.

Matokeo yake yalionekana bila kuchagua upande. Gavana George Ryan alikuwa Republican. Alishitakiwa Desemba 2003, akatiwa hatiani Aprili 2006 na kufungwa miaka sita na nusu. Gavana aliyemfuata, Blagojevich, alikuwa Democrat; alikamatwa nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 9 Desemba 2008. Kazini kwetu siku hiyo hakuna aliyefanya lolote hadi mchana. Kila mtu alikuwa akisoma hati ya kiapo ya FBI, yenye mazungumzo ya simu yaliyonaswa, ambamo gavana alizungumzia kiti cha Seneti kilichoachwa na Barack Obama kama mali ya kuuza.

Na msisahau kesi ya Ryan ilianzia wapi. Wafanyakazi wa ofisi ya leseni za udereva, aliyokuwa akiisimamia kabla ya kuwa gavana, walikuwa wakiuza leseni za malori kwa hongo, na sehemu ya fedha hizo ikaingia katika kampeni yake. Mwaka 1994 dereva mmoja aliyepata leseni kwa njia hiyo alikuwa na lori lililodondosha kipande cha chuma barabarani huko Wisconsin. Gari la familia moja likawaka moto na watoto sita wakafa. Fitzgerald alilifuata jambo hilo kutoka kwa karani wa dirishani hadi kwa gavana. Mtu anayeogopa chama asingefika juu.

Karani Mstaafu (#7)

Nisahihishe hapo, ndugu wa Ughaibuni, bila kuipunguzia uzito hoja yako. Uchunguzi wa leseni haukuanzishwa na Fitzgerald. Ulianza mwaka 1998 chini ya mtangulizi wake, Scott Lassar, na mahakamani kesi ya Ryan iliongozwa na Patrick Collins. Vilevile kesi za Blagojevich mahakamani ziliongozwa na Reid Schar. Kesi ambayo Fitzgerald mwenyewe alisimama mbele ya juri akiwa tayari kiongozi ni ile ya Libby.

Nalisema hili kwa sababu nimefanya kazi katika masjala ya mahakama, na nimeona kinachoua kesi kubwa. Faili hubadili mikono. Mwendesha mashtaka aliyelianza huhamishwa, anayekuja haelewi kwa nini shahidi fulani ni muhimu, shahidi naye anachoka kuahirishiwa, na siku ya siku upande wa mashtaka unasema hauna nia ya kuendelea. Kule Chicago faili la Ryan lilipita kwa wakuu wawili wa ofisi, na kwa marais wa vyama viwili, bila kukatika. Maelezo yangu, basi, ni ofisi. Mnamsifu mtu kwa kazi ya taasisi iliyokuwa imejengwa vizuri kabla hajafika.

Nyota ya Pwani (#8)

Karani amemnyang'anya ndugu yetu wa Illinois nusu ya shujaa wake, na bado hajajibu! Naona ameona haya.

Nirudi kwa Libby. Mwandani ameuliza uchunguzi ulitafuta nini. Mimi nauliza ulimgharimu nani. Judith Miller, mwandishi wa New York Times, alikaa jela siku 85 mwaka 2005 kwa kukataa kumtaja mtu aliyezungumza naye, na hakuwa hata ameandika habari yoyote kuhusu Plame. Niliwahi kuwa mwandishi wa habari, na najua nini hutokea mwandishi akilazimishwa kumtaja aliyemwamini: wengine wote wanaonyamaza wanaendelea kunyamaza. Kama Fitzgerald alikuwa na kasoro, ilikuwa hii ya kuamini kwamba ukweli wa faili lake una haki ya kupita juu ya kila ahadi nyingine.

Ughaibuni Illinois (#9)

Nyota, sikuona haya, nilikuwa kazini. Karani yuko sahihi kuhusu mwaka 1998, namshukuru. Lakini ofisi nzuri yenye mkuu mwoga ni gari lililokatwa breki ya mkono tu: haliendi popote. Mwaka 2007, Wizara ya Sheria ilipochunguzwa kwa kuwafukuza waendesha mashtaka kadhaa, ilibainika kwamba katika orodha ya ndani ya mwaka 2005 Fitzgerald aliwekwa miongoni mwa wale ambao hawakujipambanua. Orodha hiyo iliandikwa wakati akimchunguza Libby, mtu wa Ikulu iliyomteua yeye mwenyewe. Hakusita.

Karani Mstaafu (#10)

Ndugu yangu, gari lililokosa breki ya mkono linakwenda vizuri sana. Tatizo ni kulisimamisha. Hoja ya orodha ya 2005 lakini naipokea, ni nzito.

Mkazi wa Ilala (#11)

Tunazungumza sana kuhusu Chicago, na kuna jambo la kesi ya balozi ambalo watu wengi wa huku hawalijui. Mmoja wa wale wanne, Khalfan Khamis Mohamed, ni Mzanzibari. Alishiriki katika nyumba iliyokodiwa hapa Ilala ambamo bomu la Dar es Salaam lilitengenezwa. Baada ya mlipuko alikimbilia Cape Town akaishi kwa jina la uongo, na Oktoba 1999 alikamatwa na kukabidhiwa kwa FBI kwa haraka, bila utaratibu wa kawaida wa kurejesha wahalifu na bila Marekani kuahidi kwamba hatanyongwa.

Mawakili wake walipeleka shauri Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini. Tarehe 28 Mei 2001 mahakama hiyo iliamua kwamba serikali ya Afrika Kusini ilivunja katiba kwa kumkabidhi mtu anayekabiliwa na adhabu ya kifo bila kudai ahadi hiyo kwanza, ikaagiza nakala ya hukumu ipelekwe New York. Tarehe 29 Mei juri ya New York ikamtia hatiani. Zingatieni tarehe hizo mbili. Ofisi ya mashtaka ilikuwa ikiomba adhabu ya kifo kwake na kwa Mohamed Rashed al-Owhali, Msaudia aliyefika ubalozi wa Nairobi ndani ya lori la bomu. Katika hatua ya adhabu walifika manusura wa kwetu kueleza walichopoteza. Mwishoni juri ilishindwa kuafikiana kuhusu wote wawili, na kwa sheria yao hilo lilimaanisha maisha gerezani.

Ndugu yangu mmoja aliyejeruhiwa siku ile alitaka wauawe. Mama yake hakutaka. Walibishana hadi mzee akafariki, na mimi sijapata wa kumpa haki kati yao. Ila ninachojua ni kwamba kesi ile Fitzgerald hakuishinda yote: adhabu aliyoiomba aliikosa, tena mbele ya raia 12 wa jiji lake mwenyewe.

Wakili wa Utetezi (#12)

Naongezea juu ya Mkazi wa Ilala, kwa sababu kuna funzo la kisheria linalotugusa zaidi. Al-Owhali alihojiwa Nairobi na wapelelezi wa Marekani wakati akiwa mikononi mwa polisi wa Kenya. Hati ya haki aliyosomewa ilisema, kwa kifupi, kwamba angekuwa na haki ya wakili kama angekuwa Marekani. Mawakili wake wakadai maelezo yake yatupwe. Jaji Sand aliamua jambo ambalo halikuwahi kuamuliwa waziwazi: mgeni anayehojiwa nje ya Marekani na wapelelezi wa Marekani, kisha akashitakiwa katika mahakama zao za kiraia, analindwa na katiba yao dhidi ya kulazimishwa kujitia hatiani. Mwanzoni jaji alielekea kuyaondoa maelezo hayo. Baada ya kusikiliza ushahidi zaidi wa serikali akayaruhusu, na mahakama ya rufaa ikakubali mwaka 2008.

Fitzgerald na wenzake, Kenneth Karas, Michael Garcia na Paul Butler, walilazimika kupigania kila ukurasa wa maelezo hayo hadharani. Linganisheni na Ahmed Ghailani, Mzanzibari mwingine wa kesi hiyohiyo, aliyekamatwa Pakistani mwaka 2004 baada ya Fitzgerald kuondoka New York. Huyo alipitishwa katika magereza ya siri ya CIA na Guantánamo kabla ya kuletwa mahakamani. Mwaka 2010 juri ilimwondolea hatia katika mashtaka zaidi ya 280 na kumtia hatiani kwa moja. Alipata kifungo cha maisha kwa hilo moja, lakini shahidi muhimu, Mtanzania aliyedaiwa kumuuzia baruti, alizuiwa kutoa ushahidi kwa sababu jina lake lilipatikana Ghailani alipokuwa akihojiwa na CIA kwa mabavu.

Kwa hiyo maelezo yangu ni haya: Fitzgerald alishinda kwa sababu alikubali kufungwa mikono na utaratibu mapema. Njia iliyoonekana ndefu mwaka 1998 ndiyo iliyozaa hukumu za mashtaka 302.

Mwandani wa Sheria (#13)

Wakili, hilo la Ghailani ni zito na linanipa shida katika msimamo wangu wa kwanza, kwa maana linaonyesha kwamba mtu huyohuyo ninayesema alizunguka kosa kuu alijua pia kulikabili uso kwa uso. Lakini hebu tutazame kilichobaki cha kesi za Chicago baada ya miaka. Conrad Black, tajiri wa magazeti, alitiwa hatiani mwaka 2007. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilibana tafsiri ya sheria ya ulaghai iliyotumika, baadhi ya makosa yakafutwa. Blagojevich alitiwa hatiani kwa mashtaka 17 katika kesi ya pili, mwaka 2011, akapewa miaka 14. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikafuta mashtaka matano, kwa hoja kwamba kubadilishana uteuzi mmoja kwa mwingine ni siasa za kawaida. Je, sheria zile hazikuwa pana kupita kiasi, kiasi kwamba mwendesha mashtaka mwenye bidii angeweza kumkuta mtu yeyote ndani yake?

Bi Salama wa Mvita (#14)

Hizo mahakama za rufaa zilipunguza, hazikumsafisha mtu. Kilichowasafisha ni kalamu za marais. Libby alipunguziwa adhabu na George W. Bush mwaka 2007, hata siku moja jela hakulala, kisha Donald Trump akamsamehe kabisa mwaka 2018. Black alisamehewa mwaka 2019. Blagojevich alitolewa gerezani mwaka 2020 na kusamehewa Februari 2025. Tukilipima jina la mwendesha mashtaka kwa hukumu zilizobaki, tutakuwa tunawapima marais.

Mwalimu wa Kigoma (#15)

Nimesoma wote kwa makini. Kuna kosa moja ambalo hamjalitaja nalo ni lake mwenyewe. Siku ya kumkamata Blagojevich, Fitzgerald alisimama mbele ya kamera akasema mwenendo wa gavana ungemfanya Lincoln ageuke kaburini. Mshtakiwa alikuwa bado hajafikishwa mbele ya juri yoyote. Mtu aliyekuwa makini na maneno ya wengine kiasi hicho alipaswa kuwa makini zaidi na yake. Katika nchi zetu tumezoea kumwona mtuhumiwa akitangazwa mwizi kwenye mkutano wa waandishi wa habari, kisha miaka mitatu baadaye anaachiwa bila kamera hata moja. Nawafundisha vijana somo la uraia, na mfano huo wa Chicago huwapa kwa makusudi, kwa sababu mtendaji wake alikuwa mtu mwema, na wema wake haukuifanya kauli ile kuwa sahihi.

Ughaibuni Illinois (#16)

Mwalimu, hapo sina la kumtetea. Nitasema tu kwamba alimkamata mapema, kabla uchunguzi haujakamilika, kwa kuwa aliamini kiti kile kilikuwa mbioni kuuzwa.

Nyota ya Pwani (#17)

Na sasa tufike mwaka 2025, maana uzi huu haukamiliki bila hapo. Aliyemteua Fitzgerald kuwa mwendesha mashtaka maalumu mwaka 2003 alikuwa James Comey, rafiki yake tangu New York, wakati huo naibu mwanasheria mkuu. Septemba 2025 Comey alishitakiwa huko Virginia kwa mashtaka mawili: kulidanganya Bunge la Marekani na kulizuia katika kazi yake. Wakili aliyesimama kumtetea ni Patrick Fitzgerald, aliyekuwa ameshastaafu kutoka kampuni ya mawakili aliyofanyia kazi baada ya kuacha ofisi ya Chicago. Novemba 2025 jaji aliyafuta mashtaka kwa sababu mwendesha mashtaka aliyeyafungua, Lindsey Halligan, hakuwa ameteuliwa kihalali.

Mwandani, wewe uliyeuanzisha uzi utuambie: mtu aliyemtia Libby hatiani kwa kosa la kusema uongo anasimama upande wa pili wa kosa hilohilo. Amebadilika yeye au ofisi?

Mwandani wa Sheria (#18)

Ofisi. Kwa Libby, Fitzgerald alileta mashahidi wengi walioyapinga maelezo yake, wakiwemo waandishi na maofisa wa serikali ileile, na alikuwa ameteuliwa kwa kufuata sheria ili kuondoa shaka ya upendeleo. Kwa Comey, rais alikuwa ameshamtaka hadharani mwanasheria wake mkuu amshitaki, na aliyepewa faili hakuwa amewahi kuendesha mashtaka. Kosa ni lilelile kwa jina, ila mkono unaolishika ni tofauti. Hata hivyo tukio hilo linaipa nguvu hofu yangu. Kosa la kusema uongo ni jepesi kulibeba, na chombo alichokitumia mtu mwadilifu kinabaki mezani kwa atakayekuja baada yake.

Karani Mstaafu (#19)

Basi umekubaliana nami kwamba taasisi ndiyo inayoamua, Mwandani, ingawa umelipitia mlango wa nyuma.

Mkazi wa Ilala (#20)

Hapana, hajakubali, wala mimi sijakubali. Taasisi ya New York ilikuwa ileile mwaka 2001 na mwaka 2010, na hukumu za hatia za Khalfan na Ghailani hazikulingana hata kidogo.

Bi Salama wa Mvita (#21)

Naliomba jukwaa lirudi kwa mashahidi, kwa kuwa hakuna aliyenijibu. Kesi kubwa kuliko zote dhidi ya genge la Chicago, iliyopewa jina la Siri za Familia, ilifikishwa mahakamani mwaka 2007 chini ya ofisi ya Fitzgerald, ikiwa na mauaji 18 ya miaka ya nyuma. Ilifunguka kwa sababu mtoto wa Frank Calabrese aliandika barua kwa FBI akiwa gerezani pamoja na baba yake, akakubali kumrekodi baba huyo uwanjani, na kisha ndugu wa Frank, Nicholas, akakubali kutoa ushahidi. Hapo hapakuwa na kosa la kusema uongo. Palikuwa na watu wa nyumba moja.

Wakili wa Utetezi (#22)

Nakujibu, Bi Salama, na ninakujibu kwa kesi hiyohiyo. Nicholas Calabrese alikiri kushiriki katika mauaji ya watu 14. Mwaka 2009 alihukumiwa miaka 12 na miezi minne. Familia za waliouawa zilikuwepo mahakamani, na baadhi yao walimweleza jaji wazi kwamba hawakuiona haki. Al-Fadl wa kesi yetu naye aliingizwa katika ulinzi wa mashahidi. Hiyo ndiyo bei ya shahidi wa ndani, na hulipwa na wale waliofiwa. Tanzania imeruhusu makubaliano ya kukiri kosa tangu mwaka 2019 na Kenya iliruhusu mapema zaidi, kwa hiyo bei hiyo itafika kwetu katika kesi kubwa, kama haijafika. Ningependa wenye uzoefu wa kesi za namna hiyo hapa nyumbani watueleze kama waliofiwa au walioibiwa huwa wanaulizwa chochote kabla makubaliano hayajasainiwa.

Karani Mstaafu (#23)

Sheria ya Tanzania inamtaka mwendesha mashtaka ashauriane na aliyetendewa kosa au mpelelezi pale inapowezekana. Katika mafaili yaliyopita mikononi mwangu kabla sijastaafu, karatasi yenye saini ya mshtakiwa ilikuwepo kila mara. Ya upande wa pili niliiona mara chache, na hakuna aliyeiulizia.